Mama ana Medicare na Medicaid, mbona bili za hospitali bado zinakuja?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 34, naishi Louisville, Kentucky, na mume wangu na mama yangu mzazi. Mama ana miaka 73. Kwetu ni Fizi, Kivu ya Kusini. Vita vya 1996 vilitupeleka Nyarugusu, tukakaa kambini miaka kumi na saba, tukaletwa huku 2013. Mama alikula kiapo cha uraia 2019. Hapa hajawahi kuajiriwa, alifika mwili umeshachoka. Anaishi kwa hela ya SSI, ule msaada wa serikali kwa wazee wenye kipato kidogo, na ana kadi mbili, ya Medicare, bima ya serikali kuu ya wazee, na ya Medicaid, bima ya jimbo ya wenye kipato kidogo.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Unaruka, kisha unatulia. Daktari wetu akamtuma kwenye kliniki ya moyo. Wakampima kwa ile mashine inayoonyesha moyo kwenye skrini, wakambandika kifaa kifuani akae nacho siku 14. Kabla ya kuingia, dada wa mapokezi alimpa tableti asaini kwa kidole. Mkalimani hakuwepo, mimi nilikuwa naegesha gari. Mama akasaini.

Bili zikaanza kuja. Dola 187, halafu 94, halafu 31. Nilipopiga simu kuuliza nikaambiwa: "Medicare imelipa asilimia 80 yake. Sisi hatupokei Medicaid, kwa hiyo ile 20 iliyobaki ni ya kwenu, na mama yako alisaini kwamba atalipa." Nikaanza kulipa dola 50 kwa mwezi. Nimelipa miezi miwili. Mwezi wa tatu mume wangu alikatwa saa za kazi kiwandani, nikashindwa, na sasa barua inatoka kwa wakala wa kukusanya madeni wa jimbo jingine kabisa. Wanasema wataharibu krediti, ile rekodi ya ulipaji wa madeni. Kuna bili ya nne pia, dola 120 za miwani.

Kaka yangu wa Dallas ananiambia, "Dawa ya deni ni kulipa. Hawa watu walitupokea, tusiwape sababu ya kutusema." Lakini kinachoniumiza ni mama. Alimsikia kaka kwenye spika ya simu. Tangu siku hiyo amekataa kurudi kliniki. Anasema, "Msinipeleke tena, moyo wangu unawafilisi." Juzi nilimkuta jikoni ameshika kifua, aliponiona akajifanya anatafuta chumvi.

Shangazi, hili deni ni letu kweli? Na kama alisaini, kuna njia? Nimekutumia picha za karatasi zote nilizozikuta kwenye begi lake.

Binti wa Fizi, Louisville

---

Marahaba mwanangu.

Nianze na jibu, maana mama hawezi kukaa na kifua kile akisubiri nimalize maelezo. Hizo bili tatu za moyo si deni la mama, na si deni lako. Usilipe hata senti nyingine. Na zile dola 100 ulizolipa, una haki ya kuzidai zirudi.

Nimejuaje? Umenitumia picha saba. Sita ni za bili na barua za wakala. Ya saba ni karatasi iliyokunjwa mara nne, ina alama ya chai pembeni, na nadhani uliipiga picha kwa sababu tu ilikuwa humo begini. Juu imeandikwa Medicare Summary Notice. Medicare huituma kwa posta kila baada ya miezi kadhaa, kueleza ni huduma gani mtu alipata na nani amelipwa nini. Kwa herufi kubwa inasema kwamba hii siyo bili, na ndiyo sababu nyumba nyingi wanaitupa. Mtu akishasoma "siyo bili" anashusha pumzi, karatasi inaenda kwenye takataka. Mama yako hakuitupa. Mpe pongezi zangu.

Ikunjue tena. Tafuta tarehe ya kile kipimo cha moyo, halafu fuata mstari kwa kidole mpaka safu ya mwisho kulia, ile inayoonyesha kiasi cha juu kabisa ambacho mgonjwa anaweza kudaiwa. Pameandikwa $0.00. Sasa weka pembeni yake bili ya kliniki ya tarehe ileile: $187.00. Kipimo ni kimoja na siku ni moja, ila karatasi mbili zinasema mambo mawili. Ya serikali ndiyo yenye nguvu. Chini kidogo utaona maelezo kwamba mama yumo kwenye QMB na kwamba hapaswi kudaiwa. Herufi hizo tatu ndizo jibu la barua yako yote.

QMB kirefu chake ni Qualified Medicare Beneficiary. Ni mpango wa wenye Medicare ambao kipato chao ni kidogo, na unaendeshwa na jimbo kupitia Medicaid. Mtu akiwa ndani yake, jimbo linamlipia ada ya kila mwezi ya Part B, ile sehemu ya Medicare ya madaktari na vipimo, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 185. Kwa mzee kama mama, ambaye hakufanya kazi hapa ile miaka kumi inayompa mtu Part A, sehemu ya kulazwa hospitali, bila malipo, linamlipia na hiyo Part A pia. Mwaka huohuo 2025, mtu wa aina yake angetakiwa kuinunua Part A kwa dola 518 kwa mwezi. Fikiria hela hiyo ingetoka wapi kwenye SSI.

Ila kubwa zaidi kwenu ni ulinzi wa bili. Sheria ya shirikisho, ambayo Bunge la Marekani liliikaza mwaka 1997, inamkataza daktari, hospitali, maabara au gari la wagonjwa wanaotoza Medicare kumdai mtu wa QMB kile kinachobaki baada ya Medicare kulipa. Haruhusiwi kudaiwa ile asilimia 20, wala kile kiasi cha mwanzo wa mwaka, wala malipo ya mlangoni. Pekee kinachoweza kubaki ni ada ndogo sana ya Medicaid katika majimbo yenye utaratibu huo, na hiyo ni dola chache, haiwezi kuwa 187.

Sasa ile kauli ya kliniki, "sisi hatupokei Medicaid". Nimekuwa mkalimani wa hospitali kwa miaka mingi na nimeisikia dirishani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Wengi wanaoisema hawadanganyi kwa makusudi, hawajui tu. Ulinzi huu unamfunga kila anayetoza Medicare, awe anapokea Medicaid au hapokei. Unamfunga hata kama mgonjwa amevuka mpaka kwenda kutibiwa jimbo jingine. Mwaka 2015 ofisi ya serikali inayosimamia Medicare ilitoa uchunguzi wake yenyewe, ikakuta watu wa QMB bado wanatumiwa bili wasizostahili, na kwamba kutoijua sheria kunachangia. Kwa hiyo hamko peke yenu.

Nikueleze na kwa nini kliniki inakazana, ili ukipiga simu ujue unaongea na nani. Tuseme Medicare imekubali kipimo kina thamani ya dola 100. Inalipa 80. Zile 20 kliniki inazipeleka Medicaid ya jimbo. Jimbo linaangalia bei yake: kwetu kipimo hiki ni dola 75, nyinyi mmeshapata 80, basi hatuongezi kitu. Sheria inaliruhusu jimbo kufanya hivyo. Kliniki inabaki imepungukiwa 20, na hapo mtu wa bili anamgeukia mzee. Lakini sheria ileile inasema kwamba walichopata kutoka Medicare, pamoja na chochote kutoka Medicaid, hata kama ni sifuri, ni malipo kamili. Hasara hiyo waliikubali siku walipojiandikisha kuhudumia watu wa Medicare. Wakiilalamikia, waende kuilalamikia kwa jimbo. Si kwa mama aliyeshika kifua jikoni.

Na saini? Ile saini ya kidole kwenye tableti haibadilishi chochote hapa. Mtu wa QMB hawezi kuuachia ulinzi huu, hata akitaka mwenyewe, hata akisaini kwa wino na mashahidi. Kliniki haiwezi kumwomba akubali kulipa kama mtu wa kawaida. Ingawa nakuomba sana, safari ijayo asisaini kitu bila mkalimani. Kliniki inayopokea hela ya serikali kuu inatakiwa kumpatia mkalimani bure, wa ana kwa ana, wa simu au wa skrini. Ukiwa unaegesha gari, mama amwambie dada wa mapokezi neno moja tu, "Swahili", kisha aweke mikono mapajani mpaka mkalimani apatikane. Nawafundisha wazee wangu wote hivyo.

Sasa kazi ya wiki hii. Piga simu kliniki, uliza ofisi ya bili, si mapokezi. Sema: mama yangu yuko kwenye QMB, sheria ya shirikisho hairuhusu kumdai ile asilimia 20, naomba mfute bili zote tatu, mziondoe kwa wakala, mrudishe dola 100 tulizolipa. Waambie waangalie kwenye mfumo wa Medicare, maana hali ya QMB inaonekana humo. Kwenye ile kadi ya mama yenye nyekundu, nyeupe na buluu haionekani, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Andika jina la uliyeongea naye, siku na saa. Kisha watumie kwa posta nakala ya ile karatasi yenye alama ya chai. Nakala, mwanangu. Yenyewe rudisha begini.

Wakikaza shingo, piga 1-800-633-4227, namba ya Medicare. Wapo saa 24. Taja Kiswahili, utaunganishwa na mkalimani bila malipo. Mama awe amekaa pembeni yako, kwa sababu kabla ya kuongea na wewe watamtaka yeye athibitishe jina, namba ya kadi na tarehe ya kuzaliwa. Wazee wetu wengi waliandikiwa Januari mosi kambini. Mkumbushe ataje ile iliyo kwenye rekodi zake, hata kama yeye anajua alizaliwa msimu wa mavuno. Mhudumu akishathibitisha QMB, Medicare inaweza kumwandikia mtoa huduma barua ya kumkumbusha sheria, na barua hiyo huwa inafungua masikio. Kama mama hayuko kwenye Medicare ya kawaida, yuko kwenye mpango wa kampuni binafsi wa Medicare Advantage, basi pigeni namba iliyo nyuma ya kadi ya mpango. Sheria ni ileile, ilimradi alitibiwa na watu walio kwenye mtandao wa mpango huo. Ila kwa kuwa ameletewa karatasi ile, naona ana Medicare ya kawaida.

Wakala wa madeni naye usimkimbie. Mwandikie barua ndani ya siku 30 tangu upate ile taarifa yake ya kwanza. Hili ndilo jambo lenye saa inayohesabu, ndiyo maana nakusisitiza. Sema deni hili linapingwa, mgonjwa yuko QMB, nakala ya karatasi ya Medicare hii hapa. Akishaipata barua ya namna hiyo kwa wakati, sheria inamtaka asimamishe kudai mpaka alete uthibitisho. Itume kwa posta yenye risiti. Kuhusu krediti, tulia: tangu Aprili 2023 ofisi tatu kubwa za krediti, Equifax, Experian na TransUnion, haziweki kwenye rekodi madeni ya hospitali yaliyo chini ya dola 500. Bili zenu tatu zote kwa pamoja zilikuwa 312.

Ukiona mambo yanakuzidi, kila jimbo lina washauri wa bure wa mambo ya Medicare, wanaitwa SHIP. Wao hawauzi bima. Namba ya Medicare itakuelekeza kwa wa Kentucky, na watakaa na wewe karatasi kwa karatasi.

Ile bili ya miwani ya dola 120 ni hadithi nyingine, sitaki nikupe tumaini la bure. Ulinzi wa QMB unafunika huduma ambazo Medicare inazigharamia. Miwani ya kusomea, meno ya bandia na vifaa vya kusikia Medicare ya kawaida kwa jumla haigharamii, kwa hiyo duka linaweza kudai. Isipokuwa kama mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na miwani ile ilitokana na upasuaji huo, hapo Medicare inagharamia jozi moja. Kama sivyo, usilipe kabla ya kuuliza Medicaid, huenda wao wanalipia sehemu. Dawa za famasi nazo ziko nje kidogo: mama ataendelea kulipa kiasi chake kidogo kwa kila dawa, na kwa kuwa yuko QMB anapewa moja kwa moja ule msaada wa dawa unaoitwa Extra Help. Ukiona famasi inamtoza makumi ya dola kwa dawa iliyo kwenye bima yake, hapo pana kosa, uliza.

Jambo ambalo linaweza kuyarudisha haya yote ni kufanya upya Medicaid. Kila mwaka jimbo hupitia upya kama mama bado anastahili. Wakituma barua mkachelewa kujibu, au mkahama nyumba bila kuwaambia, QMB inaweza kukatika. Kuanzia hapo bili zinakuwa halali, na mkirudishwa haihesabiwi nyuma. QMB huanza mwezi unaofuata ule ambao jimbo limeikubali. Nimeona familia ikipoteza miezi mitatu hivyo, kwa bahasha iliyokaa juu ya friji. Kwa hiyo begi la mama lipekue kila Jumapili.

Wasomaji wengine mtaniuliza kama wazazi wenu wanafaa. Mwaka 2025 kipimo cha nchi kwa QMB kilikuwa kipato kisichozidi dola 1,325 kwa mwezi kwa mtu mmoja, au 1,783 kwa mke na mume, na akiba isiyozidi dola 9,660 kwa mmoja au 14,470 kwa wawili. Nyumba anayokaa na gari moja havihesabiwi. Viwango hupanda kila mwaka, na majimbo mengine yamelegeza zaidi, kwa hiyo hata ukiona umezidi kidogo, omba. Angalieni pia kama hela ya wazazi wenu ya Social Security, ile pensheni ya serikali, inakatwa ada ya Part B kila mwezi. Kama inakatwa na kipato ni kidogo, huenda wana haki ambayo hawajaidai. Mipango miwili ya jirani, SLMB na QI, inawachukua wenye kipato cha juu kidogo, lakini hiyo inalipa ada ya Part B tu, haizuii bili. Msichanganye.

Kaka yako mwambie hivi kutoka kwangu. Baba, dawa ya deni ni kulipa, wazee hawakukosea. Lakini kwanza liwe deni. Hela hii Bunge la nchi hii lenyewe limeandika kwamba haidaiwi. Kuikataa si utovu wa shukrani kwa waliotupokea. Mama yako alinyanyua mkono akala kiapo cha kutii sheria zao, na hii ni mojawapo. Wewe ulisema kwa nia njema, najua, ulitaka jina la familia libaki safi. Sasa mpigie mama mwenyewe, umwambie ulikosea. Maneno yaliyomfungia ndani yalitoka kwako, na akiyasikia yakifutwa na mwanawe wa kiume kwa mdomo wake, atayaamini kuliko barua yangu.

Na wewe, binti yangu, kabla hujapiga simu yoyote ya bili, kesho asubuhi piga kwanza ile ya miadi. Moyo unaoruka kwa mtu wa miaka 73 haungoji ofisi ya bili. Kifua kikimbana, kikiambatana na kukosa pumzi au kizunguzungu, piga 911 papo hapo na usifikirie gharama ya gari la wagonjwa. Lile nalo likiwa la lazima Medicare inaligharamia, na QMB inamkinga. Kisha jioni, watoto wakishalala, kaa na mama mezani. Toa ile karatasi, ikunjue, mshike kidole, kipeleke mpaka kwenye zile sifuri tatu. Mtafsirie. Niandikie mara akishaonana na daktari.

Shangazi